Jina la Mto Kwenye Cheti

Kila asubuhi Atupokile alitembea kutoka Kyimo akiwa amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, maana mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta. Alifagia, akafuta vumbi, kisha akasubiri Mwalimu Meshaki aingie na kusema, "Ndiyo maana nakutegemea, Atu." Kwa maneno hayo angeweza kushinda na njaa siku nzima.

Muhula huo maneno yale yalianza kwenda kwa mwingine. Yusra alikuwa amehamia kutoka Tanga na baba yake, muuza vitambaa. Alishika mambo upesi, tena alikuwa mpole, na upole huo ndio uliomchoma Atupokile zaidi. Mwenye maringo ukimwonea wivu, angalau una sababu ya kujitetea.

Jumatatu moja Mwalimu Meshaki alikusanya kundi lake la kompyuta.

"Jumamosi wazazi wanakuja kuona maendeleo yenu," alisema. "Mashine ya dirishani itapokea maswali yao. Ya ofisini ndiyo inayotunza alama zenu, hata habari za maradhi yenu. Zikizungumza waziwazi, mjanja mmoja akijiunga katikati atasikia yote. Kwa hiyo zitatumia lugha ya siri. Ila kwanza ile ya ofisini itatoa cheti chenye jina lake. Jina likikosewa, ya dirishani haitazungumza nayo."

"Cheti nitengeneze mimi, Mwalimu?" Atupokile aliuliza haraka.

"Mara hii atatengeneza Yusra. Mimi nakwenda Mbeya, nitarudi Ijumaa."

Atupokile aliuma midomo. Sakafu nani aliifagia miezi yote ile?

Mashine ya ofisini ilikuwa imepewa jina la mto Kiwira na Mwalimu mwenyewe. Yusra alikwenda kuuliza jina hilo kwa karani, Mzee Ambindwile, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kinanukia Kinyakyusa, R ikigeuka L.

"Andika Kiwila, mwanangu," mzee alisema. "Kiwila, mto wetu."

Yusra akaandika kama alivyosikia, kwa L. Angejuaje, naye hata kibao cha darajani chenye jina la mto hajakiona? Lakini Atupokile, aliyesimama nyuma yake, aliliona kosa papo hapo. Moyo ulimruka kwa furaha, furaha mbaya.

Yusra aligeuka. "Atu, wewe ni mwenyeji. Nimepatia?"

"Umepatia," Atupokile alisema.

Tangu siku hiyo mashine ya dirishani ilirudia sentensi moja tu: cheti hakikubaliki. Yusra alikagua tarehe, akakagua waya, akaanza upya mara tatu. Jina hakuligusa, kwa sababu lilikwisha kukaguliwa. Alikuwa haendi hata mapumziko. Atupokile alikula muhogo wake nje na wenzake, akicheka kwa sauti kuliko kawaida, na muhogo haukuwa na ladha.

Ijumaa Mwalimu Meshaki alirudi akiwa amechoka.

"Basi, hatuna muda tena," alisema. "Nitaondoa ukaguzi wa cheti, mashine zizungumze waziwazi. Ni hatari, lakini wazazi wameshaitwa. Na kesho Atupokile ndiye atakayesimamia."

Ndicho alichokuwa akikitaka! Atupokile alisubiri furaha ije.

"Kosa ni langu, Mwalimu," Yusra alisema huku machozi yakimlengalenga. "Usimlaumu mtu. Hata Atu alinisaidia kukagua."

Maneno hayo yalimwingia Atupokile hadi mfupani.

"Mwalimu, usiondoe!" alisema. "Ni herufi moja. Kiwira ni kwa R. Niliiona tangu Jumatatu."

Yusra alimtazama. "Uliniambia nimepatia."

"Nilikuwa nakuonea wivu. Nisamehe."

Yusra aliirudia mashine. Alikaa akatengeneza cheti kipya, herufi kwa herufi. Muda si mrefu mashine mbili zikaanza kuzungumza kwa siri. Alipomaliza alimgeukia Mwalimu, si Atupokile, akauliza, "Nimepatia?" Atupokile akatazama chini. Aibu iliyomshika hapo ilizidi ya kukiri kosa.

Mwalimu Meshaki alimsogelea.

"Umefanya vema kusema kweli, hata kama umechelewa," alisema kwa upole. "Lakini umeona? Mashine zinaaminiana kwa cheti. Sisi watu cheti chetu ni jibu tunalompa mwenzetu anapouliza. Wivu humpata kila mtu, hata mimi. Usiuruhusu ujibu kwa niaba yako. Na uaminifu ukishaharibika, hautengenezwi upya kwa dakika kumi kama cheti hiki. Utautengeneza taratibu."

Jumamosi Atupokile alifika mapema, akafagia kama kawaida. Hakuna aliyemsifu. Wazazi walipojaa dirishani, Yusra aliandika jina la mwanafunzi wa kwanza, akasita, kisha akasogeza kiti kidogo kumpisha Atupokile.

"Ambwene, wa kule kijijini Masoko," alisema bila kumtazama. "Nimepatia?"

Atupokile aliinama, akasoma kila herufi kwa kidole kabla ya kujibu.