Mwendo wa Aliyeshika Kamera

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Ngong Nalotuesha alipotoka kwenda dukani kwa Falis kununua maziwa. Maziwa alikuwa nayo nyumbani. Alitaka tu mtu wa kusema naye, maana tangu asubuhi mdomo wake ulikuwa haujafunguka ila kwa kupiga miayo. Waliosema upweke ni uvundo hawakukosea, na yeye alianza kujinusa.

"Abaayo, dada yangu, ngoja kidogo," Falis alisema. Alichungulia nje kwanza, kisha akampa flash. "Ni ile kamera yangu ya ukuta. Wewe ndiyo unajua hizi vitu. Niangalilie."

"Iko na shida gani?"

"Inatoka nje."

"Inatoka aje?"

"Inatoka, walahi. Inaenda."

Nalotuesha akacheka. Kamera ile ilipigiliwa misumari juu ya rafu ya sabuni, haijawahi kwenda hata uani. Falis hakucheka. Alianza kufunga duka, na Kitengela yote ilikuwa bado inanunua mkate.

Kazi ya Nalotuesha, aliyoifanyia nyumbani, ilikuwa kupanga video za kituo kimoja cha televisheni huko Kajiado. Hakuzitazama moja baada ya nyingine, umri wenyewe ungekwisha. Kompyuta ilikuwa na programu ya kukadiria jinsi kamera ilivyosogea: hapa imegeuzwa, hapa imeinuliwa, hapa imebebwa na mtu anayetembea. Zenye mwendo mmoja iliziweka fungu moja, ili anayetafuta arusi ya juzi asilazimike kupitia mazishi ya mwaka mzima.

Mumewe alikuwa mpiga picha wa kituo hicho. Gari lilipinduka Kona Baridi wakitoka kupiga picha za arusi Magadi, akafa. Mtu anayepiga wenzake picha huwa hana zake. Katika video zote alizoacha hamkuwa na uso wake wala kivuli chake. Kilichobaki ni mwendo. Utotoni ng'ombe alimvunja mguu wa kulia, akawa anachechemea, na kila alipotembea na kamera picha iliinamia kulia kidogo. Programu ikaitambua kasoro hiyo. Ikakusanya video zake zote, ikauliza: fungu hili liitweje?

Nalotuesha akaandika: Lemein.

Kwao jina la marehemu halitajwi. Alilijua hilo tangu akinyonya. Lakini alijiambia kwamba kuandika si kutaja, na kompyuta haina mdomo. Binadamu akitaka kujidanganya hakosi hoja. Tangu siku hiyo, kila programu ilipokutana na mwendo ule ililiandika jina kwenye skrini, mchana kutwa, hata yeye akiwa jikoni. Alifurahi kuliona. Tuseme ukweli, alikuwa akiacha sufuria jikoni ili aje kulitazama tu.

Sasa akachomeka flash ya Falis.

Duka. Rafu za sabuni. Falis akipanga mayai. Kisha picha ikatikisika...

Kamera ikashuka ukutani.

Ikapita katikati ya magunia ya mchele, ikatoka mlangoni, ikashika njia ya vumbi. Hatua... na hatua. Picha ikainama, ikainuka, ikainama tena. Pembeni mwa skrini jina likajiandika.

Lemein. Lemein. Lemein.

Harufu ya magadi ikaingia chumbani, kali, ya kuwasha pua. Moyo wa Nalotuesha ulidunda, na haukudunda kwa woga peke yake. Akampigia simu mama mkwe wake huko Bissil.

"Nalotuesha, takwenya," bibi alimsalimu.

"Iko, Yeyo," akaitikia, maana alimwita mama kama mumewe alivyomwita. "Yeyo... amerudi."

"Nani amerudi?"

"Mtoto wako."

Kondoo mmoja alilia huko mbali kwenye simu.

"Umemwita?" bibi alinong'ona.

"Sijamwita. Niliandika tu. Hii mashine ndiyo inataja."

"Inataja mara moja?"

"Mchana wote."

"Enkerai ai..." Mtoto wangu. Bibi alisogeza simu karibu na mdomo. "Ukiita mtu hivyo, hata mwenye si yeye ataitika. Sasa niambie. Huyo anachechemea mguu gani?"

Nalotuesha akasogea karibu na skrini. Ikainama. Ikainuka. Ikainama. Alifungua video moja ya zamani, akailinganisha na hii, kisha akalinganisha tena. Hii iliinamia upande wa pili.

"Wa kushoto, Yeyo."

"Mimi ndiyo nilifunga mtoto wangu mguu na kamba ya ngozi. Ilikuwa wa kulia." Bibi alivuta pumzi. "Huyo si yeye. Futa hilo jina saa hii, kabla afike."

Kufuta kulikuwa rahisi, kidole kimoja tu. Lakini jina likifutwa, fungu nalo lingevunjika, na video zake zingetawanyika katikati ya maelfu ya video za wengine. Asingempata tena. Nyumba ingerudi kuwa ya kikombe kimoja.

Kwenye skrini, njia ilikatia kwenye lango la ploti. Halafu ngazi. Halafu mlango wa bluu.

Ulikuwa mlango wake.

Ko... kwaruu. Ko... kwaruu. Sauti ilitoka koridoni, haikutoka kwenye kompyuta.

Kitasa hakikuzunguka. Mlango haukufunguka. Lakini skrini ikaonyesha mwanamke ameketi mezani, leso ya manjano mabegani, simu sikioni. Alionekana kwa nyuma. Picha ikazidi kumkaribia, taratibu, ikichechemea.

Shingo yake ikapata baridi.

"Umefuta?" bibi aliuliza. "Nalotuesha! Umefuta?"

Alijua si mumewe. Alijua kabisa, bila chembe ya shaka. Lakini tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amekaa akamtazama, na mwili wake ulikuwa na njaa ya kutazamwa.

"Nimefuta, Yeyo," alisema. "Lala salama."

Akakata simu. Kwa mguu akavuta kiti cha pili, akakisogeza karibu na chake.

"Karibu, keti," alisema, bila kugeuka.

Kiti kikalia kwa uzito.