Mtoto Asiyepitishwa Juu ya Jeneza

Sakafu ya trela kulia si ajabu. Nyumba zote za trela za kisiwani kwetu hulia. Ubao wake ni maranda tu yaliyogandishwa kwa gundi; ukiingiwa na unyevu wa kinamasi unavimba, skrubu zinalegea, na kila ukikanyagwa unapiga kelele kama mbuzi anayefungwa kamba. Kilichowashangaza Cleve na mkewe Denita ni kwamba sakafu yao ilianza kulia wakati wote wawili wameketi.

Ilikuwa Jumapili mchana, mazishi ya Bi Earline, mama yake Cleve, hayajapoa. Walikuwa mezani wanakula wali mwekundu na soseji. Koridoni pakalia: kwii. Kimya. Kisha kwii nyingine, mbele kidogo. Milio ilianzia mlangoni pa chumba cha marehemu, ikafuata korido taratibu, ikakoma mlangoni pa chumba alimolala mtoto wao, Jonelle. Ndipo ikaja harufu ya ugoro, ule ambao Bi Earline aliuweka chini ya mdomo maisha yake yote.

"Umesikia?" Denita alinong'ona.

"Ubao umevimba."

"Ubao unatembea, Cleve?"

"Joto tu hilo. Kula."

Yeye mwenyewe alikuwa ameshaweka uma chini.

Sisi wengine hatukuhitaji kuelezwa. Kwetu mzee akifa, mtoto mdogo wa nyumba hupitishwa juu ya jeneza, mkono kwa mkono, ili marehemu amwone, aridhike, asimrudie. Siku ya mazishi, Vashti, mdogo wake marehemu, alisimama upande wa pili wa jeneza amenyoosha mikono kumpokea Jonelle. Denita akamkumbatia mtoto kifuani na kusema, "Mwanangu hapitishwi juu ya maiti." Akatoka naye hadi kwenye gari. Vashti alibaki na mikono hewani mbele ya kanisa zima.

Watu wakasema ni maringo ya Atlanta, mji alikotoka. Na kweli, mkwe na mama mkwe hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Bi Earline mpaka anakata roho hakumwita Denita kwa jina; alimwita "huyo." Mtoto alimpakata, lakini alikuwa na tabia ya kumkagua: masikio, vidole, paji la uso, tena na tena, bila kusema neno. Mimi nisingependa kukaguliwa hivyo.

Basi milio ikawa ya kila siku, na kila ilipokoma mlangoni pale, Jonelle alizidi kufifia. Aliacha kula. Homa ikapanda, ikashuka, ikapanda. Daktari wa mjini Beaufort alimpima asione ugonjwa. Mikononi, chini ya kwapa, zikatokea alama za vidole, kama za mtu anayembeba mtoto kwa pupa, na nywele zake zikanuka ugoro hata baada ya kuoshwa. Denita alijua kwamba mwanawe anachukuliwa kidogo kidogo. Cleve naye alijua, ila alikuwa mwanamume mwenye drili, na mwenye drili huona kila balaa ni skrubu iliyolegea.

Jumamosi akalitoa zulia la koridoni. Akapiga skrubu ndefu kila palipolia, mpaka zikauma boriti, akajaza poda kwenye nyufa ili mbao zisisuguane. Sakafu ikalia vilevile. Akachukua jeki na vipande vya mbao, akatambaa chini ya trela kwenda kuziinua boriti kutoka huko.

Kulikuwa na joto la tanuri. Alilala chali mchangani, akachana turubai jeusi lililoshika tumbo la trela, pamba ya kuzuia baridi ikamwangukia kifuani. Mara ubao wa juu yake ukabonyea. Vumbi likamwingia machoni.

"Denita! Toka koridoni, nafanya kazi!"

"Niko nje naanika nguo!"

Cleve akageuza shingo, na kweli, kupitia upenyo wa ukuta unaoziba chini ya trela aliiona miguu ya mkewe karibu na kamba, peku, kwenye majani, na wakati anaitazama ubao ukabonyea tena juu ya kifua chake, ukapanda, ukabonyea juu ya koo, juu ya paji la uso, uzito wa mtu mzima anayeburuza mguu mmoja kama mama yake alivyouburuza, ukampita ukielekea chumbani kwa mtoto, naye akaanza kujivuta kwa viwiko akipiga kelele mke wake akimbie, akimbie, huku juu kabisa ya kichwa chake Jonelle akicheka.

Denita ndiye aliyefika kwanza. Mtoto alikuwa ameinua mikono kama anayebebwa, na miguu yake haikugusa godoro. Denita alimnyakua. Kitu kikamvuta mtoto upande wa pili, kikashindana naye, kisha kikaachia.

Jua halijazama, Cleve alikuwa ameshamleta mama yake mdogo. Kisiwani Vashti ndiye anayejua mizizi na mambo ya wafu, na ulimi wake unajulikana zaidi.

"Leo ndiyo nimekuwa mtu?" alisema akiwa bado mlangoni. "Asiyesikia la mkuu, binti wa Atlanta..."

"Nimekosa, mama. Msaidie mtoto."

"Mama yako nani? Cleve, toa ubao koridoni. Jeneza mmeshalifukia, basi tutampitisha juu ya njia anayopita marehemu."

Cleve akakata. Likabaki tundu jeusi, urefu wa mtu. Denita akasimama upande huu na mtoto, Cleve upande ule.

"Utasema hivi," Vashti alimwambia Denita kwa sauti ya chini. "'Earline, huyu ni damu yako. Umemwona. Mwache.' Mara tatu, na usimung'unye."

"Lazima niseme mimi?"

"Nani mwingine? Wewe ndiye uliyemnyima."

Denita alisema. Mtoto akapita juu ya tundu akilia, akarudishwa, na aliporudi alikuwa mzito. Baridi ilipanda kutoka chini, pamoja na ugoro na udongo mbichi. Alisema mara ya pili, na safari hii Jonelle aliacha kulia, midomo ikageuka rangi, na mikono minne iliyomshika ikaanza kushuka, polepole, kuelekea gizani, Cleve akivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, Denita akipiga magoti kwenye ukingo wa ubao, na bado mtoto alizidi kushuka.

"Anakwenda!" Cleve alilia. "Mama mdogo, anakwenda!"

"Dada yangu hapendi uongo," Vashti alinong'ona, akimtazama Denita kwa mara ya kwanza machoni. "Sema kweli, wewe!"

"Si damu yako!" Denita alipiga ukelele ndani ya tundu. "Earline, si mjukuu wako! Niliolewa nikiwa tayari na mimba yake, ukajua, ukanyamaza! Mwache mwanangu, huna haki naye!"

Uzito ukakatika. Wote wawili walianguka kinyumenyume, mtoto kifuani kwa mama yake, akilia kilio cha afya. Kisha, upande wa pili wa tundu, sakafu ikalia. Hatua moja. Ya pili. Ikakoma hapo hapo alipoangukia Cleve.

Vashti akapatazama mahali mlio ulipokomea. Akachukua mkoba wake.

"Mtoto wenu mzima," alisema, na hakumtazama Cleve alipokuwa akitoka.

Cleve aliurudisha ubao. Akaukaza skrubu moja baada ya nyingine.

"Cleve. Sema kitu."

"Nishikie tochi."

Alipomaliza alitembea korido yote, huku na huku, wala haikutoa mlio. Akaenda kumwinamia Jonelle kitandani. Akamkagua masikio, vidole, paji la uso, muda mrefu, kama mama yake alivyozoea, Denita akimwona kutoka mlangoni.

Asubuhi upande wa mumewe kitandani ulikuwa mtupu. Hakuwa amesikia mtu akipita. Jonelle alikunywa uji wa mahindi bakuli zima, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Denita akambeba, akafungua mlango.

Gari la Cleve lilikuwa pale pale. Mchangani, kuanzia kwenye ngazi, zilikuwepo nyayo za buti zake, na kando yake nyayo za miguu peku ya mtu mzima, mmoja ukiburuzwa, zikiwa zimekaribiana kama za watu walioshikana mikono. Zilielekea makaburini. Denita alimwita mumewe mpaka sauti ikamkauka. Mtoto akamvuta ukosi wa gauni, akaomba uji tena.