Herufi Moja

Mapokezi ya maabara yalijaa hadi mlangoni. Kijana mmoja akaingia kwa fujo na sanduku la vyuma, buti lake likatua juu ya kiatu cheupe cha msusi.

"We! Umenipaka tope!"

"Pole, mrembo. Hilo tope la vita, lina historia."

"Historia itafua kiatu?"

Kumbe alikuwa mchimbaji, kwenye timu inayotafuta marubani waliopotea vitani. Msusi alikuwa amemleta bibi yake kupimwa mate, ili vinasaba vyake vilinganishwe na mifupa itakayopatikana. Kaka yake bibi aliruka na ndege ya vita, hakurudi. Bibi anaumwa, na anataka kumzika kaka yake kabla hajafa yeye.

"Mpe namba, mjukuu wangu," bibi akasema. "Huyu si ndo anayechimba?"

Simu zikaanza.

"Umekula, Tope wangu?"

"Nimekula udongo, mpenzi."

Asubuhi moja saluni imefurika, mashine za kukausha nywele zinanguruma, Tope akapiga simu huku anapayuka: "Mpenzi! Tumeipata!"

Msusi akatupa kitana, akakimbia nyumbani na aproni yake. "Bibi! Wamempata!"

Bibi akainuka kitandani, akavaa gauni jeusi. Majirani wakaleta viti.

Tope akafika anacheka, na picha ya injini.

"Yuko wapi?" bibi akauliza.

"Nani?"

Bibi akarudi kulala na gauni lake, akageukia ukutani.

"Ulisema mmempata!" msusi akafoka.

"Nilisema tumeipata! I! Ndege!"

"Toka. Na usinipigie."

Alipiga, wapi. Basi akachimba kama ana ugomvi na ardhi. Kiti cha rubani kikatoka, na mifupa, na jino.

"Mpigie basi!" wenzake wakamwambia.

"Sifungui mdomo mpaka maabara iseme."

Maabara ikasema: ni ndugu wa damu wa bibi.

Tope akaingia saluni na matope mpaka masikioni, akachomoa plagi za mashine zote. Kimya. Wateja wakamkodolea macho, rola kichwani.

"Sikiliza vizuri. Tu-me-m-pata. M! Mtu! Babu yako!"

Msusi akamrukia shingoni na povu la shampuu mikononi. Akapiga simu nyumbani huku analia, akamwekea Tope sikioni.

"Bibi, tumempata."

"Rudia."

"Tumempata, bibi. Yeye mwenyewe."

Bibi akavuta pumzi ndefu. "Na mjukuu wangu, utamuoa au utaendelea kumchafulia viatu?"

"Namuoa, akinikubali!"

Msusi akanyakua simu. "Amenipata, bibi! Mimi, si injini!"