Usinipe Mkono Mlangoni

Koti lilikuwa moja, na wenye kulitaka wakawa wawili.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa chini wa kanisa moja kule Thorncliffe Park, mahali ambapo wageni hugawiwa nguo za baridi bure. Watu walijaa kama siku ya gulio. Akina mama walipekua viatu vya watoto, wanaume walijaribu kofia bila kioo, na harufu ya dawa ya nondo ilikaba koo. Amandine aliliona koti la kijani lenye manyoya shingoni, akalidaka. Palepale mtu mwingine akalidaka upande wa pili.

Alikuwa kijana mrefu wa Kizungu, ndevu zake za rangi ya mchanga, suruali yake imejaa madoa ya rangi ya ukuta.

"Samahani, dada," alisema kwa Kiingereza cha kusuasua. "Hili ni la mama yangu."

"Jina lake limeandikwa wapi?"

Kijana akachungulia ndani ya ukosi, kana kwamba kweli angelikuta. Amandine akaangua kicheko.

"Mama yako ni mkubwa kama mimi?"

"Hapana. Ni mdogo kama ndege. Lakini anasikia baridi ya watu kumi."

"Basi mpelekee. Mimi mwili wangu una blanketi lake."

Aliliachia koti. Kijana hakuondoka. "Naitwa Ostap. Nimetoka Ukraine. Niambie jina lako, ili mama akiniuliza amwombee nani, nijue la kumjibu."

Wanaume wengi walikuwa wamemtupia Amandine maneno matamu tangu afike Toronto, lakini hakuna aliyewahi kumtongoza kwa sala. Alimtajia jina lake. Kisha, kabla hajajizuia, akamtajia na namba ya simu.

Amandine alikuwa mtu wa Masisi, mashariki mwa Kongo. Vita vilimtoa kwao angali msichana, akamalizia ujana wake katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Sasa alihudumia wazee katika nyumba ya matunzo, na jioni alihudhuria darasa la Kiingereza. Aliishi Flemingdon Park na mama yake mdogo, Thacienne, katika ghorofa ambayo dirisha lake lilitazama bonde na barabara ya magari yasiyokwisha.

Ostap alipaka rangi majumbani. Alimpigia kila mchana, akiwa juu ya ngazi.

"Umekula, *sonechko*?"

"Neno hilo maana yake nini? Isije ikawa unanitukana."

"Ni jua dogo."

"Dogo? Mimi na ukubwa huu?"

"Basi jua kubwa. Linaniunguza hata huku juu."

"Shuka kwanza, mpenzi, ndipo uungue. Sitaki mchumba wa kuokota chini vipandevipande."

Neno hilo, mchumba, lilimponyoka tu. Kule juu ya ngazi Ostap akacheka kicheko cha mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Thacienne hakucheka. "Hao watu wako walipokimbia vita vyao, dunia iliwafungulia mlango siku hiyohiyo," alisema huku akitwanga pilipili. "Sisi tulioza kambini tukingoja kuitwa majina. Leo uende ukawaangukie?"

"Mama mdogo, Ostap siye aliyetufungia mlango."

"Subiri, binti yangu. Mlango wake na wenyewe utauona."

Zaidi ya hayo, Ostap alikuwa na donda. Mdogo wake, Nazar, alikuwa askari, na alipotelea mstari wa mbele. Hakuwa miongoni mwa wafu waliojulikana wala mateka waliotajwa. Mama yao, Stefania, alilala na simu kifuani. Mwisho wa majira ya baridi, Ostap alimwita Amandine kwenye mkahawa wa kahawa karibu na kituo cha basi, akamshika mikono yote miwili.

"Mama anataka kurudi kumtafuta Nazar. Nikienda naye sitatoka tena. Mwanamume wa umri wangu akiingia nchini, mpaka haumruhusu kutoka. Nisipokwenda, ataenda peke yake. Sijalala, Amandine."

"Mimi nifanye nini, mpenzi wangu?"

"Njoo Jumapili umwone. Nataka nikuoe, na nataka akujue. Akikupenda, labda atakubali tubaki tungoje habari hapa. Wewe ndiye sababu pekee niliyo nayo."

Amandine alifunga na kuomba. Jumapili alivaa kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, kwa kuwa ndizo rangi za bendera yao. Alipika sombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese na samaki, akaitia katika chungu chake kizuri chenye mfuniko, akaifunga kwa kitambaa. Alipanda mabasi na treni mpaka mtaa wa Jane na Finch, walikokaa Ostap na mama yake, chungu kikimchoma mapaja njia nzima.

Ostap alikuwa ameshuka kumngojea kituoni, wakapishana. Hivyo Amandine alifika mlangoni peke yake, akabisha.

Stefania alifungua mwenyewe. Kweli alikuwa mdogo kama ndege, mwenye kitambaa cha maua kichwani, na macho yaliyolia mpaka yakapauka. Nyuma yake, ukutani, lilining'inia koti la kijani. Amandine akaweka chungu chini, akainama kidogo, kama alivyofunzwa kwao, akaweka mkono wa kushoto chini ya kiwiko cha kulia, akamnyooshea mama mkwe mkono wa heshima.

Stefania akaruka nyuma. Alificha mikono yake mgongoni, akatikisa kichwa kwa nguvu, uso umemsawijika.

Amandine alidhani hakueleweka. Akakiinua chungu, akakipeleka mbele kwa mikono miwili. Yule mama akazidi kurudi nyuma, akisema maneno ya haraka kwa lugha yake, akipunga hewani kama mtu anayefukuza kuku.

Amandine alikuwa ameshafukuzwa hivi. Kambini alifukuzwa kwenye bomba la maji. Ndani ya basi la jiji hili, bibi mmoja alihamisha mkoba wake alipokaa. Lakini hakuwahi kufukuzwa akiwa amepika. Aliweka chungu chini, mlangoni, akageuka akakimbilia lifti, na sauti ya yule mama ikimfuata ukumbini.

Siku hiyo aliifunga namba ya Ostap isimfikie tena. Ostap alikuja Flemingdon Park, Thacienne akamjibu kwa kipaza sauti cha getini: "Hayupo." Akaja tena. "Hayupo, na kwako hatakuwepo." Amandine alisikia yote akiwa chumbani, uso ndani ya mto. "Bwana Yesu," aliomba, "nitolee mtu huyu moyoni, au unitoe moyo wenyewe."

Mungu hakutoa chochote.

Jumapili iliyofuata, ibadani, kwenye ukumbi wa shule walioukodi, alisimama wakati wa maombi ya mahitaji. Alikusudia kunyamaza, lakini kinywa kilifunguka. "Ndugu zangu, niombeeni nisimchukie mama mmoja. Nilimpa mkono akaukataa kama una ukoma."

Baada ya ibada watu walipokuwa wakinywa chai, Yvan mpiga kinanda alimfuata na andazi mkononi. Yvan alikuwa Mrundi, na vita vya Ukraine vilimkuta Kharkiv akisomea udaktari.

"Dada Amandine, huyo mama ni mtu wa wapi?"

"Si ni huko kwenu ulikosomea."

"Alipokataa mkono wako ulikuwa umesimama wapi?"

"Mlangoni. Ningesimama wapi, juu ya paa?"

"Wewe nje, yeye ndani?"

"Ee."

Yvan aliweka andazi chini. "Yee Mungu wangu. Dada, wengi kule hawapeani mkono juu ya kizingiti. Wala chombo, wala busu. Wanaamini kinachopita hapo huleta utengano, hata kifo. Mama mwenye nyumba yangu alinipigia kelele siku ya kwanza nilipompa kodi mlangoni. Nikajua ananichukia kwa ngozi yangu. Kumbe akanivuta ndani, akapokea, akaninywesha supu."

"Unawatetea? Wewe uliyesukumwa ushuke kwenye treni wakati wa kukimbia?"

"Walionisukuma nawakumbuka nyuso, na mbele ya Mungu nitawataja. Lakini dhambi yao usimbandike huyu mama. Huenda alikuwa anakulinda."

Amandine akachomoa simu. Alifungua namba ya Ostap. Haikuwa na jipya la kumwonyesha, maana yote aliyomwandikia wakati amefungiwa yalikuwa yamepotea hewani. Akapiga. Sauti ya mashine ikamwambia namba hiyo haitumiki tena. Ndipo Thacienne, aliyekuwa kando akisikiliza, akakaa kitini taratibu.

"Amandine, mwanangu. Alikuja leo asubuhi ukiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Alisema wanaondoka leo, simu yake ameshaifunga, ndege ni jioni. Alisema mama yake anauliza chungu akirudishe wapi." Akafunika uso kwa kanga yake. "Sikukuambia. Na mimi nilidhani nakulinda."

Amandine hakungoja kusikia zaidi. Alitoka mbio na viatu vya ibada, koti akaliacha kwenye kiti.

Basi lilitambaa. Treni ikasimama katikati ya njia bila kutaja sababu. "Baba, mzuie," alinong'ona, paji la uso kwenye kioo baridi. "Mvunjie gari gurudumu. Mfiche pasipoti. Nisamehe ninavyoomba, lakini mzuie." Mzee mmoja aliyekaa jirani alimpa kitambaa cha karatasi.

Alipofika ghorofa ile, mlango ulikuwa wazi. Masanduku yalisimama sebuleni. Stefania na Ostap walikuwa wamekaa juu yake, kimya, mikono magotini, kama watu walio kanisani, maana ndivyo wanavyofanya wao kabla ya safari. Ostap alimwona, akaruka.

"Amandine!" Akaja mbio, mikono mbele.

"Simama!" alipiga kelele Amandine. "Usinipe mkono mlangoni."

Ostap aliganda. Stefania akainua uso. Amandine, akitetemeka kwa baridi, alivuka kizingiti mguu wa kwanza, mguu wa pili, na alipokuwa ndani kabisa, akainama, akamnyooshea yule mama mkono wa heshima.

Stefania aliupokea kwa mikono yote miwili, akaubusu. Alizungumza haraka huku analia, na Ostap akatafsiri kwa sauti iliyokatika.

"Anasema, siku Nazar alipoondoka alisahau glavu. Alirudi mbio, hakuingia. Mama akampa glavu juu ya kizingiti, akambusu hapohapo. Hajamwona tena. Anasema, ulipomnyooshea mkono alikuona wewe ukipotea na mimi nikipotea. Alikuwa anakuita uingie."

Stefania akamkalisha Amandine kwenye sanduku, akachukua koti la kijani ukutani, akamvika mabegani. Kisha akampa chungu chake, kimeoshwa, na ndani yake mkate mzima. Chombo hakirudishwi kitupu.

Simu ya Stefania ikalia. Teksi ilikuwa chini.

Ostap aliinua masanduku yote mawili. Mama yake akamnyang'anya moja, la kwake, akasema maneno machache yenye makali.

"Anasema nini?" Amandine aliuliza.

"Anasema nibaki. Anasema nilikuwa naenda kwa kuwa hapa sina mtu." Akamgeukia mama yake. "Mama, siwezi kukuacha uende peke yako!"

Wote wawili wakamtazama Amandine, kana kwamba neno ni lake. Alikuwa amekuja njia yote hiyo ili aseme usiende. Sasa alimwona Stefania na sanduku lake, akamwona mama mwingine, wa Masisi, kando ya barabara.

"Siwezi kumzuia mtoto asiende na mama yake," alisema. "Siwezi, Ostap. Mungu anisaidie, siwezi."

Stefania hakuhitaji tafsiri. Alimkumbatia Amandine, akamkumbatia mwanawe, kwa muda mrefu, hapohapo katikati ya sebule, mbali na mlango. Akachora msalaba kwenye paji la uso la kila mmoja. Kisha akatoka, akaburuta sanduku lake mpaka ukumbini. Ostap alimfuata. Mama akageuka, akainua kidole, akasema neno moja tu, lile la kubaki. Ostap akasimama, ncha za viatu vyake zikigusa kizingiti.

Mama alikuwa upande ule, mwana upande huu, na hakuna aliyenyoosha mkono. Lifti ikafunguka. Lifti ikajifunga.

Ostap akaanguka magotini. "Nimemwacha mama yangu aende vitani. Nani ataolewa na mtu kama mimi?"

Amandine akapiga magoti kando yake, koti la kijani likawafunika wote wawili.

"Mimi mama yangu nilimwacha barabarani, mguu umevunjika. Aliniambia kimbia, nikakimbia. Hadi leo sijui alilala wapi. Nitaolewa na wewe, mpenzi. Lakini sasa niitikie Amina, maana peke yangu sitaweza."

Akaomba kwa Kiswahili, na Ostap hakuelewa ila majina: Nazar, Stefania, Nazar, Stefania. Kila alipovuta pumzi, Ostap aliitikia. Baridi ya ukumbini iliingia ndani, maana mlango ulikuwa bado wazi, na hakuna kati yao aliyethubutu kuunyooshea mkono.