Kitenge cha Wimbo wa Sita

Mwanaume hawezi kunidanganya mimi, Kalemie nzima inajua. Ni yule wa pili tu, aliyesema anavuka ziwa kwenda Kigoma kununua chumvi, tangu mwaka ule wa vita, na mimi mpaka leo nala ugali bila chumvi. Basi, tumwache. Niwaambie ya Glodie na Omer.

Glodie aliuza vitenge sokoni, kando ya meza yangu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Shingo ndefu, misuko imefungwa juu kama kikapu, sauti ya kugombeza hata akisalimia. Asubuhi moja, watu wanakanyagana, akasimama mbele yake kijana mwembamba, shati jeupe tupu, gita mgongoni.

"Dada, nipe kitenge kinachochuja."

"Unasema?"

"Kile kibaya. Chekundu. Rangi ikiona maji ikimbie."

Glodie akashika kiuno. "Papa, mie natukanwa kitenge kikichuja. Wewe unakiomba? Nani amekutuma?"

Lakini alimtafutia. Akafanya kama tunavyofanya sote: akalowesha ncha ya leso nyeupe, akasugua pembe ya kitenge kwa nguvu. Leso ikatoka nyekundu, utasema imefuta kidonda.

"Njo hiki, ndicho hiki!" Omer akashangilia.

Alikuwa anatengeneza albamu ya nyimbo sita. Wa kwanza una gita, besi, kinanda, ngoma, waitikiaji. Kila wimbo unaofuata anatoa kitu kimoja, mpaka wa sita ubaki sauti yake na chumba tu. Na kwenye jalada, picha ya kitenge kile kikipauka ukutani.

"Nani atanunua muziki usio na kitu?"

"Wewe, mupenzi."

"Mupenzi wa nani? Lipa kitenge kwanza."

Alilipa. Kesho yake akarudi, na kitenge hataki. Ikawa simu kila saa. "Sheri, umekula?" "Nimekula ugali na picha yako." "Basi umelala njaa!" Mvua hazijaisha, Papa Kalala, baba yake Glodie, akapanga siku ya kupokea mahari.

Ubaya ulikuwa kile chumba cha kurekodia. Ilikuwa sebule ya marehemu mama yake Omer, kule chini ambako ziwa limepanda na kuingia majumbani. Majirani walihama zamani. Rangi ya bluu ya kuta ilikuwa inaisha kutoka chini kwenda juu, kidogo kidogo, kama nyumba inanyonywa. Omer alitundika kitenge humo, kwenye msumari wa picha ya mama yake, akawa anarekodi maji yakiwa magotini. Alisema maji yanaijibu sauti.

Glodie alikwenda mara moja, akaishia mlangoni. Nyumba ya pili kutoka hapo njo iliyomwangukia na kumwua Bertin, kaka yake Glodie, aliyeingia kuokoa mlango. Waliokuwapo walisema ukuta ulishuka pole, bila kishindo. Sasa juu ya msumari wa Omer kulikuwa na ufa unaoingia kidole. Akasikiliza. Kimya.

"Toka humo, Omer."

"Sheri, bado wimbo mmoja."

"Nimelilia ukuta mmoja, wa pili siulilii. Ukirudi humu, waambie wazee wako wasipande kwetu."

Wakanuniana. Glodie akawa anapima vitenge hovyo, wateja wakinung'unika. Halafu simu ikalia.

"Nimehama, roho yangu. Wimbo wa sita narekodi huku kilimani, chumba cha kwaya. Pakavu kabisa."

"Na kitenge changu?"

"Nimekiacha kwenye msumari wake. Ziwa likichukue."

Glodie alicheka huku analia, akanipa mimi samaki wangu mwenyewe nile, kwa furaha.

Siku ya mahari alikuja sokoni kufunga meza tu, gauni la kijani lenye mabega ya kuvimba. Omer akamfuata, shati jeupe jipya, kola imefungwa mpaka kooni. Na joto lile!

"Wimbo umeisha," akasema, akamtia kisikilizio sikioni.

Sauti yake. Kisha kimya. Kisha tone. Tone lingine.

"Ni nini hiyo?"

"Bomba la kwaya linavuja."

Mwishoni kabisa kitu kilishuka, pole, kama muntu mzito anayeketi.

"Na hicho?"

"Kiti."

Glodie akavuta ndoo yangu ya maji. Akalowesha ncha ya leso nyeupe. "Unatoka jasho, mupenzi. Leta shingo."

Omer akainama, anapenda kubembelezwa. Glodie akafungua kifungo kimoja, akapeleka mkono nyuma ya shingo, pale mwanaume anapobeba mashine ya kurekodia iliyofungwa kwenye nguo iliyolowa, akasugua kwa nguvu. Akakunjua leso mbele ya macho yake.

Nyekundu, kama siku ile ya kwanza.

"Kitenge kiko kwenye msumari," akasema taratibu. "Wewe uko kilimani. Rangi imefikaje shingoni?"

Barabarani mbuzi wa mahari alikuwa analia. Wazee wa Omer walikuwa wameanza kupanda kwa Papa Kalala.

Omer akafunga kile kifungo.

"Ni jasho," akasema.