Injini Yangu Niliikuta Baharini

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mitatu, nakaa Kirongwe, Mafia, na ninaendesha gari. Naam, mwanamke, na naendesha mwenyewe! Nimeachika mara mbili. Talaka ya kwanza niliililia. Ya pili niliidai mbele za watu.

Huyo mume wa pili nitamwita Shaibu, maana jina lake la kweli sitaki kulitia kinywani. Alitoka bara na sanduku la spana, maneno matamu na ovaroli isiyo na doa. Fundi gani ovaroli yake haina doa hata moja? Hilo nilipaswa kuliona siku ya kwanza... Wapi! Niliona meno meupe tu.

Gari nililinunua kwa ajili ya mguu wa mama yangu. Mama ana sukari, na kidonda chake cha unyayo kilitakiwa kusafishwa hospitali, Kilindoni, mara mbili kwa wiki. Nikauza sehemu yangu ya minazi aliyotuachia baba, nikanunua gari la dizeli lenye turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, kuukuu, limekwisha tembea zaidi ya kilomita laki tatu kabla ya kuvuka maji kuja kwetu. Siku ambazo mama haendi hospitali nilipakia abiria. Tulikwisha ambiwa wazi kwamba kidonda kile kikiachwa bila kusafishwa, mguu utakatwa.

Basi turbo ikaanza kuvuja oili kwenye maungio. Shaibu akaifungua, akaifunga tena kwa ile gundi nyekundu ya gaskiti, na akaipaka kwa fujo kama anayepaka siagi ya bure. Wiki haikuisha... gari likaanza kutoa moshi wa buluu! Oili naongeza leo, keshokutwa kijiti cha kupimia kinatoka kikavu.

Mimi ndiye niliyeshika usukani, kwa hiyo niliuchunguza moshi ule. Asubuhi nikiwasha, hakuna moshi. Nikiwa mwendoni, hakuna cha maana. Lakini nikikaa kusubiri abiria huku injini inaunguruma, halafu niondoke... toba! Wingu zima la buluu, na waliobaki kituoni wanakohoa na kunilaani.

Nikamweleza mume wangu yote hayo. Alicheka, tena mbele ya abiria wangu! Akasema mwanamke na injini wapi na wapi, hizo ni ringi za pistoni zimekwisha, lazima injini ishushwe ipelekwe Dar ikachongwe. Sikumwona akifungua hata bomba moja ili atazame. Na mimi bwege, niliyeyaona mambo kwa macho yangu, nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu yeye ni mume, na ana spana! Debe tupu haliachi kuvuma, nami nikaliwekea mto lilalie.

Sasa kisiwani kwetu, gari likifa, bodi hugeuka banda la kuku na injini hufungwa kwenye boti. Ndivyo tulivyozoea. Injini ikipita juu ya mkokoteni kuelekea pwani, hakuna anayeuliza inakwenda kwa nani. Hata mimi sikuuliza! Nilimsaidia kuiosha kwa dizeli, mpaka kile kifuniko cha juu nilichokipaka rangi ya kijani iliyobaki ya mlango wetu kikang'aa. Nikampa na khanga yangu aifunike isiingie mchanga. Turbo aliiacha nyumbani, akasema ni nzima, haina haja ya safari. Yarabi... nilimfungashia mwizi mzigo kwa mikono yangu!

Zikaanza kesho. Kesho fundi wa Dar anaumwa, kesho mashine ya kuchongea imeharibika, kesho chombo kimekosekana. Gari likakaa juu ya matofali na mama akawa anapanda bodaboda, mguu umefungwa mfuko wa plastiki kuzuia vumbi. Masika ikaingia, barabara yetu ikawa tope tupu, siku moja pikipiki ikawaangusha. Mama akakataa kupanda tena. Akaniambia, "Mwanangu, tungoje gari lako. Mumeo si kasema wiki ijayo?"

Tukangoja. Kidonda hakikungoja... Mguu wa mama ulikatwa chini ya goti.

Na Shaibu, wasomaji, alilia hospitali kuliko mimi! Alilia mpaka manesi wakamletea kiti. Nami nikambembeleza, mjinga wa wajinga.

Miezi miwili baadaye nilikwenda Kiegeani kwenye arusi ya binamu yangu. Asubuhi nashuka pwani kununua samaki, nikasikia injini. Mtu haisahau injini yake, ule mlio wa kugonga kidogo ikipunguzwa mwendo nauelewa kama kikohozi cha mama. Nikaifuata sauti mpaka kwenye boti ya mchuuzi mmoja wa samaki. Khanga yangu imetundikwa pembeni. Nikachungulia... kifuniko cha kijani!

Na moshi je? Hakuna! Hata uzi!

Mchuuzi alikuwa mtu mstaarabu. Alisema aliinunua kwa Shaibu kabla ya masika, haijamla hata kopo moja la oili, na kwamba aliambiwa ni injini ya gari la marehemu. Marehemu nilikuwa nimesimama mbele yake na kapu la samaki!

Sikupiga kelele. Nilirudi Kirongwe, nikachukua kadi ya gari, mchuuzi akaileta injini, tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Namba ya injini ikasomwa mbele ya Shaibu, tarakimu kwa tarakimu. Injini ikarudi kwangu, na mchuuzi akabaki na sanduku la spana mpaka alipwe chake. Walioliona wanasema spana nyingine hazikuwahi kugusa nati.

Nikamleta fundi wa Kilindoni, mwenye ovaroli chafu, akaifunga injini. Tukawasha, tukaiacha iungurume. Nikaondoka hatua chache... moshi wa buluu ukarudi! Na Shaibu, lile toto la hizaya, akapata uso wa kusema, "Si niliwaambia ringi?"

Watu wakanitazama. Safari hii sikunyamaza. Nikasema: injini hii baharini ilikaa bila turbo, na haikutoa moshi. Imekutana na turbo, moshi umerudi. Hebu fungua turbo!

Fundi akafungua bomba dogo, refu kama kiganja, linalorudisha oili kutoka kwenye turbo. Akaingiza waya, akachokonoa, ikatoka donge la gundi nyekundu, kubwa kama kokwa ya tende. Oili ilikuwa inaingia, haina pa kutokea, inajipenyeza kwenye ekzosi na kuungua. Akasafisha, akafunga. Moshi ukaisha. Kazi ya nusu saa!

Hapo ndipo Shaibu alipokiri. Bomba lile alilifungua wiki ile ile ya kwanza, akaliona donge lake. Akaona aibu kuniambia kosa ni lake. Alipotokea mnunuzi, aibu ikageuka biashara. Nusu saa ya aibu aliiona nzito kuliko mguu wa mama yangu! Nikadai talaka yangu pale pale, na akaitoa huku ananong'ona. Tangu lini kanong'ona yule?

Ndugu zangu, na hasa dada zangu, nawasihi. Msikubali injini ishushwe kabla bomba halijafunguliwa mkiwa mmesimama hapo. Ukiona jambo kwa macho yako, liseme, na ukichekwa liseme tena. Mwanamume asikutishe kwa spana. Mimi nilinyamaza mara moja tu, na aliyelipa si mimi.

Siku hizi mama huketi mbele, pembeni yangu. Kila tukisimama kituoni, nikiondoka, yeye hugeuka kutazama nyuma.

"Moshi?" huuliza.

"Hakuna, mama."

"Alhamdulillahi," husema, kisha huunyoosha mguu wake mmoja.