Sumaku ya Kuokotea Pini

Kengele ya mapumziko ikilia, darasa zima lilitoka mbio, likavua viatu mlangoni na kutimkia uwanjani. Wote, isipokuwa msichana mmoja. Yeye alibaki kwenye ngazi kulinda viatu. Jozi thelathini na nane, na harufu yake usiulize. Shuleni walimwita Saa Mbovu, kwa sababu moyo wake ulikuwa na tabia ya kwenda mbio wenyewe bila taarifa. Amekaa zake tu, mara du-du-du-du, kama mtu anayegonga mlango huku anafukuzwa.

"Saa Mbovu, viatu vyangu usivichanganye!" walimpigia kelele. "Na usikimbie, utalipuka!"

Alicheka nao. Ukiwahi kucheka wewe, haiumi sana.

Nyumbani nako alikuwa na kazi ya kukaa. Mama yake ni fundi cherehani, na kila jioni pini zilijaa sakafuni. Yeye alichukua sumaku bapa, ukubwa wa kifungo cha koti, akaiburuta chini, na pini zikaja zenyewe: tik, tik, tik. "Mwanangu, wewe ndiye macho yangu," mama alimwambia. Kwa kazi hiyo, hakuna aliyemshinda.

Basi siku ikafika ya kwenda hospitali kubwa kutibiwa moyo. Mama alimfikisha wodini, akarudi kuwaangalia mapacha wadogo, akaahidi kuja siku ya matibabu. Siku nne! Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, aligeukia ukuta asione wenzake wakikumbatiwa. Lakini chini ya mto alikuwa na siri. Ile sumaku. Aliichukua mezani kwa mama bila kusema, na pini mbili bado zimenasa juu yake. Akiishika, alikuwa kama anasikia cherehani.

Siku yenyewe, mama alikuja akaambiwa asubiri nje, milango miwili mbali. Ndani, mwanamke mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba alimpokea. Yeye ndiye fundi wa ramani, anayeendesha mashine ya kuchora moyo.

"Ushawahi kufungwa kitambaa machoni, ukapapasa chumba?" fundi alimuuliza huku akimbandika vibandiko mgongoni.

"Mimi huwa siitwi kucheza, anti."

Fundi akambandika kibandiko kingine. "Basi leo wewe ndiye uwanja. Daktari atapitisha mrija mwembamba kutoka pajani hadi moyoni, tunauita katheta. Chini ya kitanda kuna sumaku dhaifu. Ncha ya mrija ikigusa hapa, ikagusa pale, mashine inajua iko wapi, inachora kuta za moyo. Hatutumii eksirei. Unaona zile aproni nzito ukutani? Ni za kutukinga sisi na mionzi. Leo zinapumzika, na wewe mtoto unayekua unaepuka mionzi hiyo pia. Ila chuma kikikaribia kifua chako, mashine inadanganyika. Una chuma? Hereni? Pini?"

"Sina."

"Kitu chochote?"

"Sina, anti."

Chini ya shuka, ngumi yake ilikaza.

Alichomwa ganzi pajani, akapewa dawa ya kumtuliza, lakini alibaki macho. Kwenye skrini moyo wake ukaanza kujichora, kipande chekundu, kipande cha kijani, kama nguo ya viraka. Alikuwa peke yake katikati ya watu watano, na wote walitazama skrini. Hofu ikampanda. Akaivuta ngumi hadi ubavuni, karibu na moyo.

"Ngojeni!" daktari akasema. "Mrija umetoka nje ya moyo? Mbona mkono wangu haujasogea?"

Kweli, kwenye skrini ncha ilikuwa imepita ukuta, inaelea hewani.

"Fundi, mashine uliisawazisha?"

"Mara mbili, daktari."

"Basi kuna kitu umekosea."

Wakarudia. Ncha ikaruka tena. Daktari akashusha pumzi. "Ninatafuta kinjia kibovu cha umeme kinachoukimbiza moyo, nikiunguze, na jirani yake kuna kizuri. Nikikosea milimita chache, namharibia moyo. Siunguzi nisichokiona. Leteni aproni, tuwashe eksirei. Na wewe fundi, tutaongea baadaye."

Muuguzi akaanza kutungua aproni. Fundi alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

Mashine mbovu. Fundi mbovu. Saa Mbovu aliijua ladha ya neno hilo. Lakini akisema, watamnyang'anya, na mle ndani hakuwa na kingine cha kwao. Moyo ukaanza: du-du-du-du.

"Anti," akasema. "Si wewe. Ni mimi."

Akafungua kiganja. Sumaku, na pini mbili.

Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomliza. Muuguzi akaitoa nje. Fundi akaisawazisha mashine upya, na taratibu, mrija kwenye skrini ukarudi ndani ya moyo, kama mtoto aliyekumbuka kwao.

"Nisamehe, fundi," daktari akasema. Aproni zikarudi ukutani.

Kiganja kilibaki kitupu. Kazi ikachukua muda mrefu, naye akalala kimya akiwa hana cha kushika, hadi kinjia kibovu kikaunguzwa, na moyo wake ukatulia. Tik. Tik. Tik.

Baadaye mama aliketi kando ya kitanda, sumaku mapajani. Alinyoosha vidole vyake, vimejaa matundu. "Siku zote hizi naokota pini kwa mkono. Nilidhani nimeipoteza mimi."

Msichana akainamisha kichwa. "Nilikuwa nakukumbuka, mama."

Fundi wa ramani, aliyekuja kumuaga, akamshika bega. "Mwanangu, kujisikia mpweke si kosa. Ungeniambia unaogopa, ningekuletea leso ya mama yako uishike. Lakini sisi tulikuwa tunapapasa gizani, na macho yetu yalikuwa neno lako. Ukimdanganya anayekutibu, unaumia wewe, na lawama anabebeshwa mwingine. Ukweli wako ulichelewa, ila uliwahi kabla aproni hazijavaliwa."

Wiki kadhaa baadaye, daktari alipomruhusu, kengele ya mapumziko ililia. Msichana alivua viatu vyake, akavitupa juu ya lundo.

"We Saa Mbovu! Sasa nani analinda viatu?"

"Vilindane vyenyewe!" akajibu, akakimbia.